Mama aliyetandika punda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 2 Wafalme 4:18–37.

Mtoto anarudi kutoka shambani ameshika kichwa. Kufika adhuhuri amefia mapajani mwa mama yake. Miaka yote nimelisoma somo hili nikimtazama nabii Elisha. Safari hii nimemtazama mama. Amemlaza mtoto, amefunga mlango, ameagiza punda amfuate Elisha. Mume anauliza: leo si mwezi mwandamo wala si sabato, huko unafuata nini? Hakai kumweleza. Anamwambia mtumishi asipunguze mwendo mpaka yeye mwenyewe aseme.

Kwetu Tanga punda huyo huchelewa kutandikwa. Mtoto akikakamaa kwa homa, nyumba huketi kwanza: hii malaria au dege? Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba mwenye degedege akidungwa sindano anakufa, basi mganga atangulie, hospitali baadaye. Malaria kali haingoji kikao. Siwacheki, nimelelewa humo humo.

Mwaka 1999, utafiti wa afya wa taifa ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 99 hawakufikisha mwaka. Mwaka 2022 walikuwa 33. Chandarua, chanjo na dawa mseto zimefanya kazi kubwa. Tumshukuru Mungu, na manesi wa kliniki nao, ambao madhabahuni huwa tunawasahau. Kilichonikosesha usingizi ni hesabu ya pembeni: kati ya hao 33, watoto 24 hawamalizi mwezi wa kwanza. Mwaka 2015–16 walikuwa 25. Hapo hatujasogea. Hao wengi hawauawi na mbu. Ni watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, ni waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, ni walioingiwa na vijidudu, pengine kwa kitovu kilichopakwa kisichopakwa.

Rudini kwenye somo. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alitangulizwa na fimbo, akaiweka usoni pa mtoto, kimya. Elisha alipofika alijilaza juu yake, kinywa kwa kinywa, viganja kwa viganja, mpaka mwili ukapata joto. Sitaki kuyageuza Maandiko kuwa mafunzo ya uuguzi, ila hapo nilimkumbuka binamu yangu, aliyekaa wodini wiki tatu na njiti wake kifuani, ngozi kwa ngozi, kafungiwa kanga. Utunzaji huo ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipoelemewa na njiti kuliko mashine zake za kuwatia joto. Fimbo ilitumwa, joto halikuweza kutumwa. Lilihitaji mtu aje na mwili wake.

Bibi yangu wa Mwambani alizaa tisa, akakuza watano. Ukimwuliza ana watoto wangapi, anajibu tisa. Jumamosi nilimsomea somo hili kibarazani, naye akisuka ukili. Nilipomaliza akauliza:

"Huyo punda wa nani?"

"Wa kwao, bibi. Walikuwa na uwezo."

"Na mume alikuwa wapi?"

"Shambani, na wavunaji. Alimwita tu."

Akauvuta ukili, akaukaza.

"Mimi babu yako alikuwa dago, na wavuvi."