Kipandauso cha Jumapili: kumbukumbu ya wiki ya 31

Jumapili ya sita mfululizo, kichwa kimetulia. Naandika sasa hivi, furaha ikiwa bado ya moto, maana mradi huu wa kuandika kila shambulio la kichwa, nijue kinacholileta, umenila miezi saba na mara mbili nilitaka kulitupa kauntabuku jalalani.

Wenzangu wa kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayokuja kwa mashambulizi, mnajua yalivyo, sitayaeleza. Naingia kwenye fumbo lililonishinda.

Mimi ni fundi simu Kariakoo. Jumatatu hadi Jumamosi nainamia taa kali, moshi wa kuchomelea unaniingia puani, nje spika za matangazo zinashindana na honi za bodaboda, na siku za wateja wengi nakula mchana saa tisa. Ungesema huko ndiko kichwa kingenipasukia. Lakini miezi minne ya kwanza niliandika mashambulizi 19, na 12 kati ya hayo ni ya Jumapili. Niko nyumbani Mbagala, nimelala nikashiba usingizi, feni inazunguka, sina mteja wa kunisumbua. Siku yangu moja ya kukaa na watoto ndiyo siku ninayolala chini kwenye sakafu ya saruji, pazia limefungwa, kitambaa chenye maji machoni. Hilo liliniuma kuliko kichwa chenyewe.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa samaki. Jumapili kwetu ni kibua wa Feri, wa kukaanga. Wiki nne bila kibua: hola, watoto wananung'unika bure. Nikahamia kwenye udi. Mke wangu akakubali kutochoma wiki tatu. Hola tena. Kisha nikaona kashata. Katika zile Jumapili 12, mara 9 nilikuwa nimekula kashata asubuhi. Nikaizungushia kalamu nyekundu, nikaamini nimemaliza kazi. Nikaacha kashata mwezi mzima. Kichwa kikaja vilevile, na kila Jumapili asubuhi nilikuwa natafuta kitu kitamu kama mjamzito.

Aliyenifungua macho ni mke wangu. Siku moja saa nne na nusu asubuhi ananiangalia, anasema, "Baba Nasra, leo kichwa kinakuja. Unapiga miayo tangu umeamka, na mtoto umemfokea bila kosa." Nikambishia. Saa nane mchana nikaanza kuona ile mistari inayometa kama meno ya msumeno, nikashika kalenda ya ukutani nisome, nusu ya neno "Jumapili" imemezwa na mng'aro. Dakika ishirini baadaye upande wa kushoto ukaanza kugonga.

Kosa langu lote liko hapo. Miezi yote ile nilikuwa naandika saa ya maumivu kuanza. Kumbe kipandauso huanza saa nyingi kabla, hata siku moja au mbili: miayo, shingo kukaza, hasira za bure, hamu ya vitu vitamu. Kashata haikuwa ikiniletea shambulio. Shambulio lilikuwa limeshaingia ndani, ndilo lililokuwa likitaka kashata! Nikarudi nyuma kurasa 40, nikifuta ile kalamu nyekundu moja moja.

Nikaongeza safu mpya: saa ya mwayo wa kwanza. Jumapili miayo ilikuwa inaanza kati ya saa tatu na saa nne. Kwa hiyo samaki wa mchana hana kesi, udi wa jioni hauna kesi. Nikatafuta kilicho kabla ya hapo, nikakuta pengo, kitu ambacho hakikuwepo. Siku za kazi naamka saa kumi na moja alfajiri, na saa moja niko kijiweni na kikombe cha kwanza cha kahawa. Mpaka mchana nimeshamaliza vitano au sita. Jumapili naamka saa tatu, na kahawa naipata jioni. Mwili uliozoea kafeini nyingi kila siku, ukikatiwa, kichwa huanza kuuma ndani ya saa 24. Kikombe changu cha mwisho Jumamosi ni saa saba au saa nane mchana. Hesabu nikaipiga mara tatu, inaangukia palepale.

Sasa Jumapili naamka saa kumi na moja na nusu, nakunywa kikombe saa moja, nikitaka kulala tena nalala mchana nusu saa. Kinachoniudhi ni kwamba nimebadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kulala kupita kiasi nako ni kichochezi kinachojulikana, kwa hiyo sijui ni kahawa, ni usingizi, au vyote. Kwenye simu mbovu singefanya hivyo, ukibadilisha vifaa viwili kwa mpigo hujui kipi kilikuwa kibovu. Lakini sirudi nyuma kujaribu, Jumapili zangu nazitaka.

Daktari alilipenda kauntabuku, ila alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya dawa. Mwezi wa tatu wa mradi nilimeza vidonge vya maumivu vya mchanganyiko wa dawa, vyenye kafeini ndani, siku 13. Akaniambia vya aina hiyo vikifika siku 10 kwa mwezi, na vya kawaida kama paracetamol siku 15, kwa zaidi ya miezi mitatu, vyenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Mwezi uliopita ni siku 4.

Kuhusu zana: programu za simu nimejaribu mbili, nimezifuta. Kichwa kikiwa kinagonga, kioo cha simu ni msumari jichoni, na unaulizwa maswali kumi na tano. Kauntabuku na penseli unaandika gizani ukiwa umefumba macho. Miwani myeusi ya machinga msivae ndani ya nyumba. Mimi niliivaa wiki nzima, mwanga wa kawaida ukawa haustahimiliki kabisa.

Nilipanga mwezi huu kuanza orodha ya vyakula, kimoja kimoja, kuanzia karanga. Nimeiweka pembeni, kuna jambo limenikamata. Mashambulizi ya katikati ya wiki yaliyobaki, manne, yote nilikaa upande wa kulia wa daladala. Barabara ya Kilwa asubuhi ukienda mjini jua liko kulia. Jioni ukirudi limehamia magharibi, na magharibi nako ni kulia. Jua linakatwakatwa na nguzo na miti, linapiga jicho waka-zima, waka-zima, mpaka Mtongani. Kuanzia Jumatatu nakaa kushoto, safu ya kiti nimeshaichora.