Nilivyoifikisha boti ya maboya maili 30 kwa saa kwa mashine ileile

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa mfupi: nunua propela yenye pichi kubwa, yaani inayosonga mbali zaidi kwa kila mzunguko, boti itakimbia. Nilipewa na muuzaji, nikapewa tena na wenzangu wawili hapa gatini, na wote watatu walikosea. Ulinila dola mia moja na kitu, na nusu ya kiangazi ikapotea. Naandika kwa sababu bado nausikia ukitolewa kila mwaka theluji ikiyeyuka na boti zikirudi majini.

Kwa msomaji wa Dar: boti hii ya maboya huitwa pantoni, lakini siyo ile ya Kigamboni inayovusha magari. Hii ni boti ya starehe ya maziwa ya Marekani, jukwaa la alumini juu ya maboya mawili au matatu marefu kama magogo, viti kuzunguka, turubai juu, mashine moja nyuma. Asili yake ni huku huku jimbo la Minnesota. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Richmond, Ambrose Weeres, aliweka jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma yaliyoungwa. Alitafuta boti isiyoyumba. Mbio zimekuja baadaye, na ndiyo maana kuipata kasi kunahitaji kuelewa maji yanapita wapi.

Yangu ni ya futi 22, maboya mawili yenye kipenyo cha inchi 25, na mashine ni Mercury 115 ya stroki nne, ile yenye giaboksi kubwa ya uwiano wa 2.38 kwa 1, yaani mashine inazunguka mara 2.38 propela ikizunguka mara moja. Uwiano huo ukumbuke, maana hesabu zote zinapitia hapo.

Jambo la kwanza kulijua, kabla hujagusa spana, ni mashine inafika mizunguko mingapi ukifungua mafuta mpaka mwisho. Mashine yangu mtengenezaji anaitaka iwe kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Mimi naitaka ifike 5,700 au 5,800 kwa mzigo wa kawaida, ili wakija wageni isishuke chini ya mstari. Mwanzo, ikiwa na propela ya alumini yenye pichi ya inchi 15, watu wawili, nusu tangi na turubai limekunjwa, ilifika 5,450 na maili 26 kwa saa. Pima kwa GPS, nenda na urudi njia ileile, kisha chukua wastani, la sivyo unaupima upepo. Na turubai likunjwe kila mara au lisikunjwe kabisa: peke yake linakula maili moja hadi mbili.

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye mbao. Chukua mizunguko, zidisha kwa pichi, gawa kwa uwiano wa giaboksi, gawa tena kwa 1,056. Unapata maili kwa saa. Kwangu ilitoka 32.5. Boti ilikuwa inakwenda 26. Yaani asilimia 20 ilikuwa inapotelea majini. Hapo ndipo pa kutafuta kasi, na hakuna aliyeniambia nipatafute hapo.

Nikanunua pichi 17. Kila inchi moja ya pichi unayoongeza inaikata mashine mizunguko 150 hadi 200, na ndivyo ilivyokuwa: ikashuka hadi 5,050. Kasi? Maili 26 zilezile. Boti ilichelewa kuinuka, omo, yaani mbele ya boti, likawa linasukuma maji badala ya kuyapanda, na mlio wa mashine ukawa mzito, kama lori linalopanda mlima kwa gia ya nne. Jumamosi yake tukapanda watu wanane: mizunguko 4,700, maili 23. Hapo niko chini kabisa ya kiwango cha mtengenezaji, na mashine inayobebeshwa hivyo kwa mafuta yote inapata moto, inajenga masizi na kuzichosha pistoni. Kinachouma ni kwamba ukiangalia propela kwa macho huoni kosa lolote. Ni nzuri, inang'aa, inaingia vizuri. Kosa ni kwamba mashine ilikuwa haijafikia hata ile 5,700 na propela ndogo, halafu mtu anaiongezea mzigo.

Nikairudisha ile ya 15 na kuanza kuyatazama maji.

Huwezi kuona kinachotokea nyuma ya mashine ukiwa umeshika usukani. Nilifunga simu kwenye mpini wa ufagio kwa mpira wa tairi ya baiskeli, mwenzangu akaushika kwa ubavuni, lenzi ikitazama bamba bapa lililo juu ya propela, tukaenda maili 25. Video ya sekunde arobaini ilinifundisha kuliko ushauri wa mwaka mzima. Bamba lile lilikuwa halionekani kabisa. Limezama, na maji yalikuwa yanapanda kwenye mguu wa mashine kama mchirizi wa bomba lililopasuka na kuupiga mkono wake wa juu. Linatakiwa liwe linaparaza uso wa maji: unaliona, linaloa, lakini halizami. Mguu uliozama zaidi ya hapo ni breki unayoibeba safari nzima.

Wengi hufunga mashine ya pantoni kwa kipimo cha boti ya faiba, bamba liwe sawa na chini ya tezi, yaani nyuma ya boti. Kwa maboya mawili kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu mbele ya mashine hakuna tumbo la boti. Kuna mfereji wa maji yanayopanda kati ya maboya, na urefu wake unabadilika na kasi na mzigo. Rula haitakuambia. Video itakuambia.

Sasa kuinyanyua. Mashine hii ina kilo 163 au zaidi, na fundi mwenye kreni alitaka dola mia mbili na zaidi kwa kazi ya robo saa. Nilitumia jeki ya trela yenyewe, na kwa mbinu hii najivunia waziwazi. Boti ikiwa juu ya trela na magurudumu yamezuiwa kwa kabari, shusha mashine isimame wima. Panga magogo ya mbao chini ya ncha ya mguu mpaka yaiguse. Funga mkanda kwenye pete ya kunyanyulia iliyo chini ya kifuniko, uuning'inize kwenye boriti ya juu, siyo ubebe uzito, uizuie tu isipinduke. Legeza bolti nne zote. Za chini zinakaa kwenye mwanya mrefu, basi usizitoe. Za juu zinakaa kwenye matundu yaliyopangana kwa inchi robo tatu, na ndizo za kuchomoa. Sasa zungusha jeki ya mbele ya trela kuinua. Omo likipanda, tezi linashuka, lakini mashine imesimama juu ya gogo na haiendi popote. Kwa hiyo mashine inapanda kwenye tezi bila wewe kubeba hata kilo moja. Unatazama kwa tochi kwenye tundu la bolti: chuma kinasogea pole pole kama mwezi unaopatwa, mpaka tundu la pili likae sawasawa, mwanga upenye upande wa pili. Mizunguko michache ya mpini, basi.

Hutoboi tundu jipya. Paka bolti gundi laini ya kuzibia ya baharini, siyo ile ya kudumu ambayo mwakani utahitaji patasi kuitoa. Hakikisha nyaya, mpira wa mafuta na kebo ya usukani havijakazika ukigeuza mashine kulia na kushoto mpaka mwisho.

Tundu moja juu: 5,600, maili 27. Mawili: 5,750, maili 28. Nikajaribu la tatu, na hapo nikalipata ukomo. Kwenye kona mashine ilipiga kelele ghafla, mizunguko ikaruka na boti ikalegea, kama gari ambalo klachi inateleza. Propela ilikuwa inameza hewa. Geji ya shinikizo la maji ya kupozea nayo ikaanza kushuka, na hiyo haina mjadala: mashine isiyopata maji inaungua. Nikarudi matundu mawili. Usimwamini anayekwambia panda juu kadiri iwezekanavyo kama hajakuuliza geji ya maji inasomaje.

Propela ya chuma cha pua nilinunua baada ya hapo, na mpangilio huo ni wa makusudi. Ningeinunua mwanzo, nisingejua ni nini kilichosaidia. Mabawa matatu, pichi ileile 15, ukingo wa nyuma umekunjwa kidogo kama kijiko. Alumini inajipinda chini ya nguvu ya mafuta yote, chuma cha pua hakijipindi, na ule mkunjo unayashika maji yenye mapovu. Mizunguko ilishuka kidogo hadi 5,650 lakini kasi ikawa 29. Hesabu ya upotevu ikateremka kutoka asilimia 18 hadi 14. Bei ilikuwa mia tano na kitu. Ile ya 17 niliiuza kwa nusu.

Kuifunga: ufunguo uchomolewe, gia iwe huru, kipande cha mbao kati ya bawa na bamba ili isizunguke. Pakaa grisi kwenye meno yote ya shafti, la sivyo itashikana na hutaitoa bila moto. Ile pete nene inayokaa kati ya propela na giaboksi ikisahaulika, propela inasagana na giaboksi. Nati ikazwe nyutoni mita 75, halafu ukunje masikio ya washa.

Maili ya mwisho ilitoka mahali ambapo ningeanzia kama ningerudia. Boti zinazokaa majini kiangazi chote huota mwani kwenye maboya, utando laini usioonekana kutoka juu. Ukipitisha kiganja ni kama ulimi wa ng'ombe. Nilisafisha kwa dawa ya alumini yenye asidi, glavu na miwani lazima, na kuosha kwa maji mengi. Nikafungua pia vizibo vya nyuma ya maboya. La kushoto lilikuwa kavu. La kulia lilitoa maji ndoo mbili nzima, kilo kama arobaini nilizokuwa nazitembeza bure, kutoka ufa mwembamba wa uchomeleaji usiozidi ukucha. Ulipozibwa: 5,800, maili 30, kama kilomita 48 kwa saa.

Kuna wanaochomelea mabawa membamba ubavuni mwa maboya yainue boti. Yanafanya kazi, lakini hiyo ni kazi ya fundi na pesa nyingine. Kwa trimu, yaani pembe ya mashine, maboya mawili hayavumilii mengi: inua mashine kidogo kidogo mpaka GPS iache kupanda, rudisha mguso mmoja. Ukiizidisha inameza hewa.

Ndugu wa pwani mwenye boti ya faiba na Yamaha Enduro 40 ataniuliza atajuaje mizunguko wakati mashine yake haina geji. Kuna kageji kadogo ka bei rahisi ambako waya wake unazungushiwa tu kwenye waya wa plagi, na kanasoma vizuri kwenye stroki mbili. Soma idadi hiyo ukiwa na mzigo wa samaki na barafu, siyo boti tupu, ndipo uchague pichi.

Propela ya zamani ya alumini sikuiuza. Inakaa chini ya kiti cha nyuma pamoja na spana, nati moja ya akiba, washa na kile kipande cha mbao, maana mawe ya ziwa hili hayana alama, na alumini ikigonga jiwe bawa linapinda kabla shafti haijapinda.