Meza nyepesi isiyopinda kwa mashine yangu ya msasa

Mashine ya msasa wa rola niliyojitengenezea hapa Morogoro, ambayo rola yake yenye msasa husawazisha ubao unaopita juu ya meza, ilihitaji meza inayopanda na kushuka. Meza ikipinda kidogo tu, ubao hutoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Ikiwa nzito, bolti ya kuinulia huhangaika. Nikaamua kuunda paneli yenye uwazi ndani kama ilivyo milango ya flashi: plaiwudi nyembamba juu na chini, fito katikati.

Hesabu yake hunifurahisha hadi leo. Unene wa ubao ukiongezeka mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda unakuwa mara nane. Na kazi kubwa hufanywa na nyuso mbili za nje, fito ni za kuzitenganisha. Plaiwudi mbili za milimita 6 juu ya fito za milimita 50 zinafika, kwa hesabu, karibu mara 19 ya ugumu wa plaiwudi moja ya milimita 18, na uzito haupishani sana.

Fito nilichana kwenye paina kavu ya shamba la miti la Sao Hill, zote bila kubadilisha kipimo cha geji ya msumeno, maana moja ikizidi upana, plaiwudi itapanda juu yake. Nikazipanga miraba ya sentimita 15. Viungo vyake havitaki ufundi mkubwa. Pini mbili za kuzishika zinatosha, nguvu inatoka kwenye gundi. Penye bawaba na bolti nilijaza vipande vya mninga, nikaandika vipimo vyake pembeni kabla ya kufunika.

Shughuli iko kwenye kubandika. Paneli hubaki na umbo ililokuwa nalo gundi ilipokauka. Ikikaukia kwenye sakafu iliyopinda, hakuna randa ya kuiokoa. Nilipanga boriti zilizonyooka, nikavuta nyuzi mbili za mshipi wa samaki toka kona hadi kona, nikazitia boriti kabari hadi nyuzi zikagusana katikati bila kusukumana, dalili kwamba kitanda hakijapinda. Kisha gundi nyeupe, plaiwudi ya chini na ya juu kwa mpigo mmoja ili unyevu usiivute upande mmoja, na mifuko ya saruji juu hadi kesho yake.

Nikilaza rula ya chuma sasa, karatasi ya daftari haipenyi popote, na meza naibeba kwa mkono mmoja. Inayofuata ni paneli ya kufungia mota. Hiyo nitaiwekea fito kila sentimita 10, kwa ajili ya mtetemo.