Mnyoo wa plastiki na kidole cha shahada

Asubuhi hii mshipi wangu haukuvutwa wala haukutikisika, ulisogea tu pembeni kama shibiri moja hivi kuelekea kwenye gogo, na kama nisingekua nautazama pale unapoingia majini yule samaki angeutema mnyoo na nisingejua kabisa kama alikuja. Nikashusha ncha ya rodi, ile fimbo ya kuvulia, nikakusanya mshipi uliolegea, nikamkazia. Inchi 21. Nimemrudisha majini na sasahivi niko nyumbani sijaoga wala sijalala, naandika.

Samaki mwenyewe ni yule wa maji baridi wa Marekani mwenye mdomo mkubwa, mi namwita besi manake nikiandika basi mtu atadhani naongelea matatu. Na ziwa ni Lake Fork, mashariki ya Dallas, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka kwangu. Ni bwawa la kutengenezwa, lilianza kujazwa maji 1980 na miti mingi haikukatwa, ikaachwa ifie humo humo, kwa hivo mpaka leo ukienda na kayaki unapita katikati ya msitu mkavu uliosimama majini. Wakaweka besi wa ukoo wa Florida ambao hukua wakubwa kuliko wa huku, na rekodi ya Texas imetoka hapo, Januari 1992, ratili 18.18, yaani zaidi ya kilo 8. Samaki wa maji baridi huyo, si nguru!

Sasa mimi ni mtu wa Mombasa, kuvua nilifunzwa na ami yangu nje ya Mtwapa, mshipi wa mkono, hakuna rodi hakuna rili ya kukunjia mshipi, chubwi, ndoano na kipande cha ngisi. Ami alikua akinambia lazima mshipi ulale juu ya kidole cha shahada, usiushike kwa ngumi, ngumi haisikii. Changu anadonoa donoa kama kuku. Chewa hadonoi, chewa anafungua lile domo lake na maji yote yanaingia pamoja na chambo, we huku juu unasikia uzito tu au pengine unasikia mshipi umekua mwepesi ghafla, na ukizubaa kasharudi kwenye pango lake na umempoteza yeye na chubwi lako. Nlikua na miaka kumi na nlidhani hayo ni maneno ya Mtwapa peke yake.

Kumbe besi ni chewa wa maji baridi! Simaanishi kwamba ni ndugu, lakini tabia ni zile zile, anakaa kivulini ubavuni mwa gogo au chini ya magugu, hafukuzi mbali, anavizia, kisha anafungua mdomo na kunyonya. Kila nikimuona mtu hapa analalamika kwamba hapati chochote, mara nyingi ukimtazama anapata, ni vile tu hasikii. Anangoja kuvutwa. Besi mkubwa hakuvuti mpaka kashajua kakosea.

Chambo changu karibu mwaka mzima ni mnyoo wa plastiki, inchi 7. Historia yake naipenda, kuna fundi mmoja wa Akron kule Ohio, Nick Creme, mwaka 1949 yeye na mkewe walikua wanapika plastiki jikoni kwao mpaka wakapata mnyoo laini unaotikisika, baadae kiwanda chao kikahamia Tyler hapa hapa Texas, si mbali na ziwa hili. Wengi huku wanavitoa vyambo vipya kila msimu na vingine vizuri kweli, lakini mnyoo haujazeeka.

Ntaeleza navofunga kwa sababu ndugu kadhaa wameniuliza. Kwanza unapitisha chubwi dogo lenye umbo la risasi kwenye mshipi, robo aunsi, kama gramu 7, ikiwa hakuna upepo tumia hata nusu ya hiyo. Kisha ndoano namba 4/0 yenye kigongo shingoni. Ncha unaichoma katikati ya kichwa cha mnyoo, unaingiza kama nusu sentimita, unaitoa ubavuni, unaivuta mpaka kile kigongo kiingie kichwani, halafu unaigeuza ndoano, unapima pale inapolala, na unaizamisha ncha ndani ya mwili wa mnyoo. Hapo ndo watu wanapoharibu. Mnyoo ukiwa umejikunja hata kidogo utazunguka majini kama parafujo na hakuna samaki mwenye akili atakayeugusa. Ulaze juu ya kiganja, uwe umenyooka kama penseli, kama sivyo toa anza tena. Ukiwa sawa unaweza kuutupa katikati ya matawi na ndoano haishiki mti, kwa sababu ncha imefichwa.

Alafu unautupa na unaacha. Kuacha huku ndo kuvua kwenyewe. Mara nyingi besi anauchukua ukiwa bado unashuka, kwa hivo mi huwa nahesabu, kama mahali pana kina cha hesabu ya nane na mshipi umesimama kwenye tano, hapo chini hapajapanda, kuna mtu kaushika, mkazie. Ukifika chini bila kitu unainua ncha ya rodi taratibu, kama mshale wa saa unaotoka saa tatu mpaka saa tano, unaurudisha huku unakusanya mshipi uliolegea, unangoja. Ukihisi umepanda juu ya tawi usiuvute kwa haraka, uache uning'inie pale kidogo, utikise, uuachie uanguke upande wa pili. Samaki wa leo kaushika hapo hapo kwenye kuanguka.

Jambo lingine ni chura wa plastiki wa kutembeza juu ya majani, na huyu anataka kinyume kabisa. Besi akiruka maji yanapasuka, moyo unakupasuka na wewe, mkono unataka kuvuta papo hapo, na ukivuta chura anarudi usoni kwako mtupu. Subiri mpaka usikie uzito. Mi huwa nasema bismillah polepole mpaka mwisho ndo navuta.

Kuhusu rili, watu hapa watakuzungusha kichwa. Mi nina beitikasta moja, ile ambayo roda yake inazunguka ukitupa, na ya spiningi moja, ambayo roda imetulia na mshipi unajifungua wenyewe. Beitikasta ina nguvu na inalenga vizuri kwenye miti, ila dole gumba lisipotulia juu ya ile roda wakati chambo kinagusa maji, mshipi unajisokota wote humo ndani na utakaa nusu saa unafungua mafundo. Anayeanza anunue ya spiningi, asione haya. Pesa aliyobakisha aweke kwenye mshipi. Kwenye magugu mazito natumia mshipi wa kusukwa wa ratili 50, kwenye miti na maji meupe natumia florokaboni, uzi mmoja wa plastiki, ya ratili 15, kwa sababu inapitisha habari mpaka kidoleni. Rangi ya mnyoo sina maneno mengi, maji meupe kijani ya tikiti, maji ya tope nyeusi na buluu, basi.

Siku hizi kuna zile sona za mbele, mashine za kutazama ndani ya maji kwa sauti, unaona samaki kwenye skrini wakati huo huo, unaona na chambo chako kinavyomshukia. Mabishano yake ni makali, mpaka waandaaji wa mashindano makubwa wameanza kuwekea mipaka. Mi sitaki, na sisemi hivi kwa sababu ya bei. Nshawahi kupanda boti ya rafiki yangu siku nzima tukitazama skrini, tukapata samaki wengi tu, lakini jioni nikajikuta sikumbuki ziwa lilikua na sura gani.

Kitu kinachoniuma zaidi ni watu wanaovua kwenye viota. Maji yakipata joto, kama nyuzi 16 kwenda juu, hapa kwetu kuanzia Februari hivi, dume anafagia duara mahali pa maji mafupi kwa mkia wake, jike anakuja anataga anaenda zake, na dume ndo anabaki analinda mayai na baadae vifaranga. Chakula hali vizuri siku zote hizo. Ukimrushia chambo hashambulii kwa njaa, anakitoa tu nyumbani kwake. Sheria hairuhusu kila kitu lakini hilo inaruhusu, na wapo wavuvi ninaowaheshimu wanaolifanya na kumrudisha haraka. Mi nimekaa kwenye kayaki nikatazama, dume katolewa majini apigwe picha, na kabla hajarudishwa vile visamaki vidogo vya pembeni vishaingia kiotani vinakula mayai. Tangu siku hiyo nikiona duara napita mbali.

Nyumbani kila nikituma picha naulizwa swali moja, mbona umemrudisha, kwani huko hamna njaa? Swali ni zuri na jibu lake si moja. Lake Fork sheria inasema mwenye urefu wa kati ya inchi 16 na 24 lazima arudi, wale wadogo chini ya 16 unaruhusiwa kuchukua, jumla watano kwa siku na mmoja tu kati yao awe wa 24 au zaidi. Mpango wenyewe ulitegemea kwamba wale wadogo wataliwa ili wakubwa wapate nafasi ya kukua, lakini wengi huku wanarudisha kila kitu kama vile kula samaki ni dhambi. Mi nachukua wawili watatu wadogo, nawapaka ndimu, kitunguu thomu na pilipili, nawachoma, halafu tui zito juu. Besi wa kupaka, nyama nyeupe, haina shombo. Yule George Perry wa Georgia aliyepata besi wa ratili 22 na aunsi 4 mwaka 1932, rekodi ambayo mpaka leo ni Manabu Kurita tu wa Japani aliyeifikia, ziwa Biwa mwaka 2009, yeye alimpeleka nyumbani wakamla. Ilikua miaka ya dhiki, nani atamlaumu.

Ila mkubwa mi namrudisha. Mwaka 1986 samaki mmoja wa ratili 17.67 alitolewa Lake Fork akiwa hai, wakampa jina Ethel, na kwake ndo ukaanza mpango wa Texas ambapo ukipata besi wa ratili 13 au zaidi unaweza kuwakopesha watu wa idara ya jimbo akatage kwao, vifaranga wakarudishwa kwenye maziwa. Ethel akaishi miaka kwenye tangi la duka moja kubwa huko Missouri watu wanakwenda kumwangalia. Samaki wa namna hiyo amekula miaka mingi kufika hapo, jikoni kwangu atakaa dakika ishirini.

Na wenzangu wa Kenya mnaodhani haya ni mambo ya ng'ambo, besi wapo Naivasha tangu 1929, waliletwa kutoka huku huku. Mwaka 1970 wakaletwa na kamba wa maji baridi, wale wekundu wa Louisiana, na besi akawafanya chakula chake. Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nilikodi boti pale, nikafunga chambo cha rangi ya udongo chenye makucha mawili, nikawa nakidondosha kwenye ukingo wa mafunjo kila mahali paliposhuka ghafla. Mwenye boti macho yake yalikua kwa viboko muda wote, na alikua sahihi. Nilipata wawili, wadogo, na mmoja alipokua anapumua kiganjani niliona masharubu ya kamba yametokeza kooni mwake bado yanacheza.

Nikampigia ami jioni ile kumwelezea. Akaniuliza huko Marekani natumia chambo gani, nikamwambia mnyoo wa plastiki, tena wengine wanatiwa chumvi nyingi ili samaki akiuma asiuachie haraka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama unazama wenyewe au lazima chubwi. Disemba nampelekea pakiti mbili, zile nyeusi, tuwajaribu chewa.