Wasifukazi wa Fundi wa Light Industries

Mwaka 2016, barabara ya Outer Ring jijini Nairobi ikiwa bado inapanuliwa na vumbi lake likitua juu ya kila geti tulilolipaka rangi, nilisikia kwamba kiwanda kimoja cha kuunda bodi za mabasi huko Industrial Area kinatafuta wachomeleaji. Walitaka barua ya maombi, wasifukazi na nakala za vyeti. Mimi nilikuwa fundi Kariobangi Light Industries tangu 2007. Nilikuwa na KCPE, cheti cha kumaliza shule ya msingi, ya 2003, masomo ya sekondari yaliyokatizwa na karo nikiwa kidato cha pili, na cheti kimoja cha NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, Gredi III ya uchomeleaji.

Saiba niliyoingia, kule Huruma, ilikuwa na fomu tayari kwenye kompyuta. Jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, ndoa, kisha Elimu, ikianzia chuo kikuu. Msichana aliyekuwa akipiga chapa aliniuliza nilisoma chuo gani, nikasema hakuna. Akauliza nilipata gredi gani KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nikasema sikuufikia mtihani huo. Akawa anafuta mstari baada ya mstari, na nilipotazama skrini, kazi yangu yote ilikuwa imebaki maneno machache: "Jua kali, 2007 hadi sasa." Nililipa nikatoka. Iliniuma, na hadi leo naamini nilikuwa na haki ya kuumwa. Fomu ile ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyetoka chuoni jana.

Kwenye ploti yetu aliishi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Jioni ile nilimpelekea karatasi. Aliisoma, akaigeuza upande usioandikwa kitu, akashika kalamu.

"Kijana wangu, jana ulitengeneza nini?"

"Geti, Mwalimu."

"La ukubwa gani?"

"Futi kumi kwa saba, lenye milango miwili na kamlango ka kupitia watu."

"Nani alikupa mchoro?"

"Hakuna mchoro. Mwenyewe alinionyesha picha kwa simu, nikaenda kwake nikapima, nikapiga hesabu ya vyuma."

Akaandika. Kisha akataka kujua fremu kubwa namna hiyo hufanywa nini isipinde. Hapo nilisimama nikaeleza kwa mikono. Ukichomelea upande mmoja mpaka mwisho, chuma kikipoa huvuta, na fremu nzima hujikunja. Kwa hiyo kwanza napiga pointi, yaani michomeleo midogo ya kushikiza tu, kwenye pembe zote nne, napima kwa tepu kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, ulalo huu na ule, mpaka vipimo vilingane. Ndipo nachomelea kidogo hapa, kidogo kule. Bati jembamba la geji 16 nalo lataka upunguze umeme, la sivyo rodi ya kuchomelea italitoboa. Mwalimu hakuwahi kushika rodi, lakini alijua kuuliza, na kila jibu aliligeuza kuwa mstari mfupi: Hupima eneo la kazi na kukadiria vyuma. Huunda fremu na kuhakiki ulalo kabla ya kuchomelea. Huchomelea bati na bomba la mraba, kwa mlalo, kwa wima na juu ya kichwa. Hufundisha wanagenzi.

Huo wa mwisho sikuwa nimeutaja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaona vijana wakinifuata kila asubuhi, akaniuliza ni nani aliyewafunza.

Rafiki yangu mmoja alikuwa amenishauri nitafute cheti cha KCSE cha bandia mjini. Mwalimu alikasirika kuyasikia hayo. "Cheti wataulizia KNEC, baraza la mitihani," alisema. "Geti lako limesimama barabarani, waende wakalitazame."

Elimu tuliiweka chini kabisa, mistari miwili, bila kuificha na bila kuiombea radhi. Juu yake kikakaa cheti cha NITA na nambari yake. Watu wa kuulizwa habari zangu walikuwa mzee aliyenifunza kazi, karani wa shule ya bweni tuliyoiundia vitanda, na mwenye duka la vyuma aliyekuwa akinipa mali kwa mkopo. Huyo wa tatu Mwalimu alimsisitiza sana, kwa kuwa mwajiri hutaka kujua pia kama mtu anaaminika na mali ya wenyewe. Niliwaendea wote kuwaomba ruhusa kabla ya kuandika nambari zao.

Kiwandani, fomeni alisoma ukurasa ule akiwa amesimama. Alipofika kwenye "juu ya kichwa" aliniuliza rodi ya milimita 2.5 huitia ampea ngapi. Nikamjibu kati ya sabini na tisini, chini ya hapo kwa bati jembamba. Akanipa kofia ya kuchomelea na vipande viwili vya chuma. Habari za KCSE hakuziuliza.

Nilianza kwa kandarasi fupi, ikaongezwa, na baadaye nikafanya mtihani wa Gredi II, iliyo juu ya Gredi III. Siku hizi KNQA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia vyeti na sifa za masomo, inasimamia mpango wa kuutambua rasmi ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na vijana wawili niliowafunza Kariobangi nimeshawahimiza waufuate. Wasifukazi wao tuliuandika pamoja, na tulianza na swali lilelile la Mwalimu.