Filamu ya infraredi: giza kwanza, jua baadaye

Roli nyingi za filamu ya infraredi, ile inayonasa mwanga usioonekana ulio nje ya wekundu, huharibiwa na mwanga kabla kamera haijawashwa. Zile za msingi mwangavu wa poliesta hupitisha mwanga ukingoni, ukajipenyeza ndani ya roli hadi mizunguko ya katikati. Pakia gizani kabisa, hata kama roli iko kwenye spuli ya kupakiwa mchana. Mfuko wa giza nao usiuamini bure, kwa maana kitambaa kinachozuia mwanga wa kawaida huweza kupitisha infraredi. Weka kipande cha filamu ndani, nusu kikiwa kimefunikwa kwa karatasi ya alumini, acha mfuko juani dakika 30, kisha safisha kipande hicho kwa dawa za filamu. Ukiona mpaka kati ya nusu hizo mbili, mfuko huo haufai.

Filamu ya Kodak HIE, iliyoona urefu wa mawimbi ya mwanga hadi takriban nanomita 900, iliachwa kutengenezwa 2007. Rollei Infrared hufika kama 820, Ilford SFX 200 kama 740. Kwa hiyo chujio la lenzi la 87C, linalopitisha mawimbi marefu tu na lililoifaa HIE, litakupa weusi mtupu kwenye SFX. Kwa Rollei tumia la nanomita 720.

Mita ya mwanga haipimi infraredi kwa usahihi, hivyo namba zake ni za kukisia tu. Ukiwa na filamu ya ISO 400 na chujio la 720, anza na ISO 12: jua kali, fremu 24 kwa sekunde, shata ya digrii 180 (sekunde 1/48), tundu f/8. Jaribu pia f/5.6 na f/11, sekunde 3 kila moja. Ni gharama kweli, maana futi 100 za milimita 35 huisha kwa sekunde 67, lakini usiruke jaribio hili. Mawingu yakitanda, subiri.

Fokasi pia huhama. Lenga bila chujio, kisha sogeza pete hadi alama nyekundu ya infraredi. Lenzi isipokuwa nayo, isogeze mbele kama 0.25% ya urefu wake wa fokasi: lenzi ya milimita 50 huhitaji takriban milimita 0.125. Na kitafutio, yaani tundu la kuchungulia, kikiwa hakitumiki, kizibe.

Majani yatang'aa kama theluji, hilo linajulikana. Kinachoshtua ni nguo. Suti nyeusi ya sintetiki huweza kutoka nyeupe, kwa hiyo kila vazi lipigwe fremu chache siku ya majaribio.