Siku Moja Maishani Mwangu: Ijumaa ya Kujaza Nyumba za Wageni Mombasa

Watu wakiona nyumba ya wageni imeshuka kutoka shilingi 7,000 hadi 4,500 kwa siku moja, hudhani mwenyewe kaishiwa, au ile bei ya kwanza ilikuwa ya wizi. Si hivyo wala si vile. Usiku ni bidhaa inayooza haraka kuliko samaki. Samaki utamtia barafu umuuze kesho, lakini usiku wa Ijumaa ukishapita bila mgeni, hakuna wa kuununua tena. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu wengine, Nyali, Bamburi na Shanzu, na hii ni Ijumaa moja ya Juni. Kusi linavuma, mwani umejaa ufukweni, shule ziko wazi na familia za bara haziji.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kalenda kwanza, chai baadaye. Leo pana mapengo matatu. Bedsita ya Nyali ni tupu hadi Jumapili. Nyumba ya vyumba viwili Shanzu ni tupu vilevile. Ya chumba kimoja Bamburi ina pengo la usiku mmoja tu, kwa sababu kuna mama anaingia kesho Jumamosi kwa siku tano.

Kabla ya kugusa bei yoyote, lazima ujue sakafu, yaani bei ambayo ukiivuka kwenda chini, heri nyumba ikae tupu. Hapa ndipo wengi hukosea. Huchukua kodi ya nyumba, intaneti na ada ya jengo, wakagawa kwa siku thelathini, wakasema hiyo ndiyo bei ya chini. Lakini hizo utalipa mgeni aje asije. Sakafu huhesabiwa kwa gharama zinazozaliwa na mgeni mwenyewe. Kwa nyumba ya Bamburi ni hivi: usafi 700, dobi 500, sabuni, tishu na mtungi wa maji ya kunywa 250. Jumla 1,450, na hiyo hulipwa mara moja kwa kila mgeni, alale usiku mmoja au wiki. Kisha kwa kila usiku kuna umeme wa 300, kwani kiyoyozi kikifanya kazi usiku kucha hula uniti nane hadi kumi, na 150 ya gesi na maji ya bowza, yaani lori la maji. Ongeza 500 kwa usiku ya uchakavu na ujira wangu. Usiku mmoja unakuja 2,400. Nyusiku mbili, kila mmoja unakuja 1,675 tu. Ndiyo maana mgeni wa siku mbili hupata bei ambayo wa siku moja haipati hata akilia.

Na mtandao wa kukodisha nyumba ukikata kamisheni ya asilimia 15, usiongeze asilimia 15 juu ya 2,400. Utapata 2,760, wao wakate zao, ubaki na 2,346, chini ya sakafu. Gawanya kwa 0.85. Jibu ni 2,824, na mimi huandika 2,850.

Saa moja asubuhi

Mahamri, mbaazi, ujumbe kwa dada wa usafi, tokeni za umeme kwa mgeni wa Nyali ghorofa ya pili.

Saa mbili

Pengo la Bamburi ndilo la kwanza, kwa sababu lina dawa rahisi ambayo wengi hawaioni. Ungeweza kuondoa sharti la kukaa angalau siku mbili kwa tarehe ya leo tu, ukaweka 2,850, ukasubiri. Akija mtu, baada ya kamisheni na gharama unabaki na kama 520, ile 500 ya uchakavu na ujira ikiwa humo, na kesho lazima atoke saa nne asubuhi ili nyumba isafishwe kabla ya saa nane. Mimi huanza na yule anayeingia kesho. "Mama, shikamoo. Nyumba yako ya kesho iko tayari leo. Ukipenda kuingia leo jioni, usiku huu utakuwa 2,200 badala ya 4,500." Yeye hahitaji usafi wa pili wala mashuka mengine. Gharama yake ni ile 450 ya umeme, maji na gesi. Nikitoa kamisheni kwenye 2,200 inabaki 1,870, nikitoa gharama inabaki 1,420. Bei ya chini zaidi, faida karibu mara tatu. Akajibu baada ya dakika kumi: marahaba, ataongeza usiku humo humo mtandaoni. Pengo moja limezibwa.

Saa tatu na nusu, na kuendelea

Shanzu bei ya kawaida ya wikendi ni 7,000. Ngazi yangu ni hii: siku saba kabla, punguza asilimia 10, siku tatu kabla, asilimia 20, asubuhi ya siku yenyewe, asilimia 30, saa kumi jioni, sakafu. Sishushi mapema kuliko hapo, kwa sababu aliyeshika nafasi wiki mbili nyuma kwa bei kamili naye ana simu. Akiona jirani yake kapewa nusu, ataifuta nafasi yake na kushika upya, na haki yake. Tena angalia mapunguzo yasipandane. Mitandao mingine hukuruhusu kuweka punguzo la dakika za mwisho na la wateja wa simu kwa pamoja: 7,000 toa asilimia 20 ni 5,600, toa tena 10 ni 5,040, toa kamisheni ya 15 ni 4,284. Mwenye nyumba atakuuliza pesa nyingine zimekwenda wapi.

Ndipo ukaingia ujumbe wa WhatsApp kutoka kwenye treni. Kijana anatoka Nairobi na treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vyote, namba yangu kapewa na mgeni wa zamani. Wako wanne, siku mbili, hawana pa kulala. Yuko kituo cha Emali. "Bosi, bei ya mwisho ni ngapi?"

Bei ya leo, nikamwambia, ni 4,900 kwa usiku. "Fanya tatu, bosi." Sakafu ya Shanzu kwa siku mbili bila kamisheni ni 3,400. Tatu ni chini yake, kwa hiyo jibu ni la, kwa heshima, bila maelezo marefu. Ukianza kujieleza umeshaanza kushusha.

Saa tano, Mtito Andei. Ametuma picha ya nyumba nyingine, 3,000, na maneno: "Huyu amenipa." Picha yenyewe haina kiyoyozi wala bwawa, na iko upande wa pili wa barabara kuu, mbali na bahari. Nikamwambia ni bei nzuri kwa nyumba ile. Kimya. Huko Tsavo mtandao hukatikakatika, kwa hiyo kimya cha Mtito hadi Voi si jibu. Anayeshusha bei kwa hofu ya kimya hicho anashindana na nafsi yake. Wakati huohuo keteka, mtunza jengo wa Shanzu, anapiga simu: kiyoyozi cha chumba kikubwa kinadondosha maji kitandani. Mara nyingi ni bomba la kutolea maji limeziba kwa utando na vumbi, na huku pwani chumvi ya hewani huongeza kutu juu yake. Dawa ni kulipuliza na kusafisha trei, kazi ya dakika arobaini. Lakini ni Ijumaa, saa sita inakaribia, na fundi anakwenda msikitini. Hatapatikana kabla ya saa saba na nusu, wala sitamsumbua.

Saa sita na robo, Voi. "Elfu nne, lakini tuingie tukifika na Jumapili tutoke jioni, treni yetu ni saa nne usiku."

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipofunguka. Usiku wa Jumapili Shanzu haina mgeni. Kutoka saa kumi na mbili jioni badala ya saa nne asubuhi kunanigharimu umeme kidogo, lakini kwake ni siku nzima ya kutozunguka na mabegi Mombasa. Mtu anayekuomba bei mara nyingi anataka kitu kingine ambacho kwako ni rahisi kutoa. Nikaandika: 4,500 kwa usiku, jumla 9,000, kutoka Jumapili saa kumi na mbili jioni, kuingia saa tisa, kabla ya hapo mabegi yakae kwa askari wa geti, tokeni za uniti 20 kwa siku zote mbili, zikiisha mnanunua wenyewe, amana 2,000 inayorudishwa, wageni wanne, anayezidi 500 kwa usiku. Punguzo bila sharti hukaribisha ombi la pili.

Akajaribu 4,200 kabla ya Mariakani. Sikusogea. Mariakani akatuma picha ya ujumbe wa malipo. Picha si pesa. Nilisubiri ujumbe uingie kwenye simu yangu mwenyewe, ukaingia saa saba na dakika hamsini: 11,000 pamoja na amana. Papo hapo nikaifunga tarehe kwa mkono kwenye kila mtandao. Kalenda zilizounganishwa huchukua muda, wakati mwingine saa kadhaa, kupeana habari, na siku ya mwisho saa moja inatosha kuingiza wageni wawili nyumba moja.

Alasiri

Walifika vijana sita. Askari wa geti alinipigia kabla ya kuwafungulia, kama tulivyokubaliana. Maneno yalikuwa mengi: wawili ni binamu, wawili watalala sebuleni, watakuwa wanatoka asubuhi. Kila mtu mmoja anaoga, anatumia taulo, anavuta maji ambayo jengo hununua kwa bowza. Sharti lilikuwa limeandikwa Voi, nikalisoma tu kama lilivyo. Wawili mara 500 mara siku mbili, 2,000. Wakalipa, wakaletewa godoro na mashuka. Fundi alikuwa amemaliza kiyoyozi robo saa kabla yao. Dada wa usafi alibadilisha shuka lililolowa na kupiga deki mara ya pili bila kuambiwa. Kazi hii husimama kwa watu kama yeye, na ile 700 yake haipunguzwi hata bei ya nyumba ikishuka vipi.

Jioni, sikumbuki saa vizuri, foleni ya Daraja la Nyali ilikuwa ndefu na miguu imechoka. Bedsita niliishusha sakafuni saa kumi. Waliuliza watatu. Wawili walitaka kukaa kwa muda wa saa tatu tu, jambo ambalo jengo limekataza. Wa tatu hakurudi.

Saa mbili usiku

Baada ya saa hii siuzi. Anayetafuta chumba cha bei ya chini usiku, bila kitambulisho mkononi, mara nyingi anatafuta mahali pa sherehe, na kioo kimoja cha meza hula faida ya wiki. Bedsita imelala tupu leo. Nimezima hita ya maji, nikachomoa friji na kuuacha mlango wake wazi isishike harufu, nikafungua dirisha dogo la bafuni ili ukungu usipande ukutani.

La mwisho kabla ya kulala: kurudisha bei. Bei ya kawaida ya Shanzu nimeirudisha 7,000, ya Agosti 8,500, na sharti la siku mbili limerudi Bamburi. Punguzo lililosahaulika Juni huuza likizo ya Agosti kwa bei ya mvua, na aliyeshika nafasi hiyo huwezi kumpandishia bei tena. Saa nne kasoro vijana wa Shanzu wakauliza namba ya mita. Uniti zimebaki kumi na mbili.